Asante ya Juzi

Aune Kettunen alipoolewa Hällmyra, kijiji cha Uswidi, alikuwa na maneno machache ya Kiswidi, na karibu yote aliyaokota kiwandani, kwenye mashine ya kufunga mikate mikavu, ambako neno la maana lilikuwa moja tu: haraka. Mumewe Holger, mkata miti mrefu mwenye sauti ya chini, alimwambia asihangaike, mengine yatakuja yenyewe. Hayakuja yenyewe. Yaliletwa na wifi.

Wifi huyo alikuwa Gunhild, dada mkubwa wa Holger. Nyumba yake ilisimama pale barabara ya kijiji inapoachana na njia ya msituni iendayo ziwani, na nyumba ya Aune ilikuwa mwisho wa njia hiyo. Hapakuwa na namna ya kutoka wala kurudi bila kupita mbele ya dirisha la jiko la Gunhild, na dirisha hilo halikujua kusinzia.

Gunhild alimkaribisha kahawa katika majuma ya mwanzo kabisa ya ndoa. Hakufanya kwa mapenzi. Alifanya kwa sababu ndugu wa mume asipomkaribisha mke mpya, watu humsema yeye, si mke. Mezani paliwekwa biskuti za aina saba, na Aune, kama alivyofundishwa na Holger, alichukua moja ya kila aina, asiruke wala asirudie. Alishukuru mezani. Alishukuru tena mlangoni huku akivaa viatu. Akarudi nyumbani moyo mweupe, akijisifu kwamba amevuka.

Juma lililofuata alimkuta Gunhild dukani, mbele ya friji ya maziwa. Aune akatabasamu, akasema, "Baridi kweli leo."

Gunhild aligeuka. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake apige chafya. Alipoona haiji, akamgeukia mwenye duka na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye rafu ya misumari: "Wako watu ukiwalisha hufuta mdomo, na kumbukumbu wakaifuta humohumo."

Jioni hiyo Aune alimwuliza mumewe, "Nimemkosea nini dada yako?"

Holger akaacha kijiko. "Ulimwambia asante ya juzi?"

"Nilimshukuru pale pale! Mara mbili!"

"Ile ya mezani ni ya chakula. Ya mlangoni ni ya kuagia. Asante ya juzi ni nyingine kabisa. Unamwambia siku mtakayokutana tena, popote, hata kama nusu mwaka imepita. *Tack för senast.* Hiyo ndiyo inayomwambia kwamba ulipotoka kwake hukumtupa."

Aune alicheka kwa uchungu. Kwao Kainuu, Ufini, upande wa pili wa mpaka, mtu akila hushukuru mara moja akanyamaza. Akishukuru tena ataonekana anasaka sahani ya pili. Lakini mwacha mila ni mtumwa, na anayekaa kwenye mila za wenzake bila kuzishika si hata mtumwa, ni jiwe la njiani. Akaazimia kulijifunza neno hilo.

Alilijifunza vibaya. Akalisema kupita kiasi. Alimwambia mke wa mchungaji asante ya juzi kanisani, akamwambia tena dukani, akamwambia tena kwenye kituo cha basi, kahawa ni ile ile moja, hata mama wa watu akaanza kujiuliza kama alimtilia kitu kikombeni. Vijana wa kiwanda cha mbao walimwona kwa mbali na kuinua kofia: "Asante ya juzi, Mfini!" Hawakuwahi kumwalika hata kwa maji.

"Mara moja tu," Holger alimwambia, akijizuia asicheke. "Ikisemwa imekwisha. Mpaka ukaribishwe tena."

Basi akashika hilo. Miaka ikapita, akaona sasa analijua. Na ndipo alipoliharibu kuliko siku zote.

Gunhild alitimiza umri wa miaka hamsini, akafanya karamu ya ndani. Alialika aliotaka. Margit, aliyeimba naye kwaya bega kwa bega tangu utotoni, hakumwalika, kwa kuwa Margit alikuwa na mdomo, na siku hiyo Gunhild alitaka wageni wa mjini wasisikie mambo ya zamani. Alimwambia Margit kwamba mgongo unamwuma, mwaka huu hapatakuwa na sherehe.

Siku ya pili baada ya karamu, Aune aliwakuta wote wawili mbele ya duka. Akanyoosha mkono, sauti safi, matamshi yaliyopigwa pasi: "Asante ya juzi, wifi! Karamu ilipendeza."

Gunhild akawa mweupe kama maziwa ya kopo. Margit akaanza kumtazama mmoja, kisha mwingine.

"Karamu gani?" akauliza Margit.

Hapo Aune akajua kanuni ambayo hata Holger hakukumbuka kumwambia, maana kwa aliyezaliwa nayo si kanuni, ni kama kutotembea uchi: neno lile halisemwi mbele ya mtu ambaye hakualikwa. Ukilisema, umemfungulia mlango akaona meza aliyonyimwa.

Wanawake wale hawakusemeshana muda mrefu. Waliposameheana, kama wanavyosameheana watu wanaogawana kitabu kimoja cha nyimbo, walihitaji mahali pa kutupa hasira iliyobaki. Wakaitupa kwa Aune. "Mfini alifanya makusudi," alisema Gunhild, na tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina. Aune alipopita na baiskeli mbele ya lile dirisha, pazia lilivutwa kwa nguvu, ili ajue kwamba limevutwa.

Holger akiwa hai, hayo yote yalikuwa upepo wa nje. Holger akafa, moyo ukimsimama akiwa juu ya gogo la mti aliokuwa ameuangusha mwenyewe. Kijiji kikaja kwenye kahawa ya mazishi, kikala, kikatazama saa. Baada ya hapo njia ya ziwani ikanyamaza.

Gunhild alikuwa na mwana, Kjell, mwenye mke na watoto wawili kwenye nyumba ya kupanga huko mjini. Nyumba ya Holger ilikuwa na ufuko, sauna na miti ya plamu. Gunhild hakuwahi kumwambia Aune ahame. Waswahili husema akufukuzaye hakwambii toka, na Waswidi hawana methali hiyo ila wanaijua kazi yake. Alisema tu, pale kanisani, kwamba nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Alisema dukani kwamba damu ya Holger haikuacha mtoto pale. Kisha akaingia kwenye kamati ya chama cha barabara.

Na hapo ndipo Aune alipoogopa. Serikali husafisha barabara kuu tu. Njia za msituni husafishwa na trekta la chama, na chama kina desturi yake ya zamani: tawi la njia husafishwa theluji ikiwa watu wanaitumia, si ikiwa limeishia kwa mtu mmoja ambaye hakuna amtembeleaye. Trekta likikomea kwa Gunhild, mwanamke wa umri wa Aune mwenye goti bovu hatatoka wakati wote wa baridi. Angelazimika kuuza kabla theluji haijashika. Na mnunuzi alikuwa tayari, ana watoto wawili.

Lakini si kweli kwamba hakuna aliyemtembelea.

Wa kwanza alikuwa Margit. Alikuja akizungukia msituni, kapu mkononi kana kwamba anatafuta uyoga, katika mwezi ambao hauna uyoga. Alikaa jikoni kwa Aune, akala keki za iliki mpaka sahani ikang'aa, na kumsengenya Gunhild kuanzia kofia hadi soksi. "Anaimba kama mlango," alisema. "Na usimwambie mtu nilikuja. Yeye ndiye mwenye gari la kunipeleka kwaya."

Wa pili alikuwa Evert, mume wa Gunhild mwenyewe. Huyo alipita njiani wazi, siku ambazo mkewe yuko mjini kwa wajukuu. Alileta samaki aliowavua ziwani, kwa sababu Gunhild hakutaka harufu ya samaki ndani ya nyumba yake, na Aune aliwapika supu na mkate mweusi kama wanavyopika Kainuu. Evert alikula kimya. Alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba akisema "mm" ilikuwa hotuba. Alipomaliza alivaa kofia na kusema kila mara lile lile: "Mimi sikuja hapa, shemeji."

"Hukuja, shemeji," Aune alijibu.

Hakuudhika na siri. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Alipokutana na Margit dukani, Margit alimpita kama nguzo. Alipokutana na Evert, Evert aligundua ghafla jinsi pakiti ya unga ilivyo na maandishi mengi ya kusoma. Hakuna hata mmoja aliyemwambia asante ya juzi, hata kwa kunong'ona, hata kwa macho. Yeye aliyepigwa makofi ya maneno miaka mingi kwa kulisahau neno hilo, sasa alikuwa akilishwa usahaulifu na wenye neno lenyewe. Akajiuliza mara nyingi, akiosha sahani zao: huyu amekula kwangu au ameniibia?

Mkutano wa chama uliitishwa mwisho wa vuli, Jumapili alasiri, katika ukumbi wa kijiji. Aune alivaa koti lake jeusi la mazishi kwa kuwa hakuwa na lingine zuri. Akakaa peke yake kwenye benchi la upande wa mlango. Viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki wazi ingawa watu walisimama ukutani.

Mwenyekiti alikuwa Torsten, mwenye trekta lenyewe, mzee wa haki kavu: hakupendelea mtu, wala hakumwonea mtu huruma. Alisoma mambo ya changarawe na mifereji. Kisha akafika kwenye njia ya ziwani.

Gunhild akasimama. "Sina chuki na mtu," alianza, na watu wakajiweka sawa, maana hotuba ya hivyo haikosi utamu. "Lakini tuseme ukweli. Tangu mdogo wangu afariki, nani mwenye akili zake amekanyaga kule? Mimi naishi hapo kwenye njia panda. Naona kila gurudumu. Hakuna! Torsten atachoma dizeli ya kijiji kizima ili Mfini aangalie theluji iliyofagiwa?"

Kuna waliocheka.

"Wanapenda upweke, hawa Wafini," mtu akatupia kutoka nyuma. "Wape kisu na sauna, wametosheka."

Wakacheka zaidi. Aune akatazama mikono yake.

Torsten akagonga meza. "Desturi ni desturi. Nauliza: yupo hapa aliyekwenda nyumba ile tangu mwaka jana? Mtu mmoja tu, njia itasafishwa."

Hakuna mkono uliopanda. Margit alikuwa akipanga vipande vya sukari kwenye kisahani, akivipanga na kuvipangua. Evert, aliyekaa mstari wa mbele pembeni ya mkewe, aliangalia jiko la kuni kana kwamba limemwita.

Aune alijua kwamba akisimama na kusema "Margit alikuja, Evert alikuja," wataapa kwamba hawakuja. Kati ya neno la mwimbaji wa kwaya na neno la Mfini, Hällmyra haikuhitaji kupiga kura.

"Basi," akasema Torsten. "Tunywe kahawa kwanza, halafu tuinue mikono."

Watu wakainuka kuelekea kwenye birika na mikate ya mdalasini. Katika vurugu hiyo ndogo ya vikombe, alipomwona Margit akija upande wake bila kutazama, akitafuta maziwa, ndipo Aune alipojua la kufanya. Haikuwa hekima. Ilikuwa hasira iliyopata mlango. Alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, na kusema kwa sauti ya kujaa chumba, kwa matamshi yaliyopigwa pasi:

"Asante ya juzi, Margit."

Kuna mambo mwili huyafanya kabla kichwa hakijaulizwa. Neno lile hata mwenyeji huweza kulianza, na anayeamkiwa huitika. Margit aliyelelewa Hällmyra, aliyefundishwa na mama yake kwa kufinywa chini ya meza, akaupokea mkono.

"Asante nawe!" akasema kwa furaha ya mazoea. "Na zile keki za iliki, mimi nasema..."

Akaishia hapo. Uso wake ulibadilika polepole, kama nguo inayolowa. Waliokuwa karibu waliacha kukoroga. Mwanamke asiyeweza kwenda kokote bila kusikika alikuwa ameonekana mezani kwa Mfini, na ameonekana kwa mdomo wake mwenyewe.

"Keki gani?" akauliza Gunhild kutoka upande wa birika.

Aune alikuwa ameshaondoka hapo. Angeweza kuishia pale. Torsten alisema mtu mmoja anatosha, na mmoja alikuwa amepatikana. Hilo alilijua, na goti lake lilimwambia kaa. Lakini alipita katikati ya ukumbi, polepole, watu wakimpisha, mpaka mstari wa mbele, akasimama mbele ya Evert.

Evert hakuwa Margit. Alimwona akija tangu mbali. Alikuwa na muda wa kutosha wa kumtazama mkewe, kutazama mlango, na kuvua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mkono ulipanda hadi kichwani ukashika nywele.

"Asante ya juzi, shemeji," akasema Aune, akanyoosha mkono.

Mkono ulikaa hewani. Kijiji kizima kiliuona. Kukataa mkono huo kulikuwa sawa na kusema, mbele ya watu waliomjua baba yake, kwamba yeye hula nyumba za watu kama panya. Gunhild akasema kwa sauti ndogo, "Evert."

Evert akasimama. Akaupokea mkono, wake ulikuwa wa baridi.

"Asante nawe, shemeji," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kulipa anachodaiwa hadi mwisho, akaongeza, "Supu ilikuwa nzuri. Kila mara." Halafu akainama kidogo na kumwambia kwa sauti ya wao wawili tu: "Ungeniacha mimi. Margit alikuwa anatosha."

Aune akauachia mkono wake.

"Kila mara?" Gunhild akasema. "Kila mara, Evert? Wakati mimi niko kwa wajukuu?"

"Ni samaki tu, Gunhild."

"Samaki! Nyumbani kwangu huli samaki, unakwenda kumlamba Mfini vidole!"

"Sijalamba mtu."

"Nyamaza."

Akanyamaza. Hilo alilijua vizuri.

Torsten akagonga meza, ingawa hapakuwa na kelele. "Njia ya ziwani inatumika," akasema, bila furaha wala huzuni. "Itasafishwa mpaka uani. Tuendelee na mifereji." Mikono ikainuliwa kwa ajili ya utaratibu. Wa Evert haukuinuka wala haukukataa. Wa Margit uliinuka nusu, ukakutana na macho ya Gunhild, ukajikuna shingo.

Hakuna aliyempongeza Aune. Alipokuwa akifunga vifungo vya koti, mke wa mchungaji alimsogelea na kumwambia kwa upole wenye miiba, "Sasa umejifunza Kiswidi, bibi Kettunen. Sisi wenyewe tusingethubutu." Akageuka kabla ya kujibiwa.

Theluji ya mwaka huo ilikuja mapema na kwa wingi. Kila ilipoanguka, trekta la Torsten lilipita mbele ya dirisha la Gunhild, likaingia msituni, likafika uani kwa Aune, likageuka, likaondoka. Torsten hakuwahi kuzima injini. Njia ilikuwa pana na safi, kingo zake zimenyooka. Magari mawili yangeweza kupishana bila kuguswa na tawi. Hayakupishana. Margit alipoteza nafasi kwenye gari la kwaya, akawa anapanda basi, na kila alipomwona Aune alivuka barabara. Evert alionekana ziwani siku za jua, amekaa juu ya barafu upande wa mbali, mgongo ameugeuzia nyumba. Aune alimwona kutoka jikoni. Mara moja alipika supu kubwa kupita mdomo wake, akasimama dirishani na mwiko mkononi mpaka ikapoa. Mgongo haukugeuka. Alichovua siku hiyo Evert alikirudisha kwenye tundu la barafu.

Kjell alinunua nyumba mahali pengine, karibu na shule.

Karibu na mwisho wa baridi, Aune alikwenda dukani na gari dogo la marehemu mumewe. Gunhild alikuwa mbele ya friji ya maziwa. Mwenye duka alijishughulisha na mizani. Hapakuwa na pa kupita. Duka la Hällmyra lina ujia mmoja.

"Njia yako ni safi?" akauliza Gunhild. Tangu ule mkutano, hilo lilikuwa neno la kwanza.

"Safi, wifi."

"Ni nzuri kuliko yangu, nasikia. Pana."

"Ni pana."

Gunhild alichukua katoni ya maziwa, akaitazama tarehe, akairudisha, akachukua nyingine. "Basi ipite," akasema. "Nenda, rudi. Nenda, rudi. Mimi niko dirishani. Nitakuhesabia wageni."

Aune alichukua maziwa yake. Alitafuta neno la kumjibu, kwa Kiswidi na kwa Kifini, akaona yote anayo, na hakuna hata moja alilotaka kulitumia. Alilipa, akatoka, akawasha gari. Kwenye njia panda alipunguza mwendo, maana ukingo wa theluji ulikuwa umeziba mwono, kisha akaingia msituni kwenye njia yake nyeupe iliyonyooka, ambayo juu yake hapakuwa na alama nyingine ila za magurudumu yake mwenyewe, za alipokuwa akienda dukani.